Nimeulizwa Ninaishi Wapi

Alhamisi, jioni. Kilosa. Mvua tangu jana, na mimi nimechoka hoi.

Nimerudi kutoka Mikumi muda si mrefu, matope mpaka magotini, kompyuta nimeizungushia khanga mbili ndani ya begi. Sijafungua kitu. Nimekaa kitandani naandika kwa simu kabla chaji haijaisha, maana umeme haupo.

Kwa asiyenijua: natafsiri kwa kampuni moja ya nje. Siku nyingine napewa video za mafunzo, naziandikia maneno ya Kiswahili kwa saa ninazotaka. Siku nyingine natafsiri mikutano yao moja kwa moja, wao wanaongea na mimi naongea nyuma yao. Hiyo ya mikutano ndiyo yenye malipo mazuri. Ndiyo pia isiyosamehe mtandao ukikatika.

Mwaka jana nilihama Dar. Kodi ya chumba changu Tabata ilipanda, nikajiambia kazi yangu iko kwenye kompyuta, kwa nini nilipie mji wa foleni wakati sina pa kwenda? Nikaja hapa Magomeni ya Kilosa, nikapanga chumba jirani na Mamdogo, mdogo wake marehemu mama.

Kichwani mambo yalikuwa yamenyooka. Kodi ya hapa ukimtajia mtu wa Dar anadhani umesahau sifuri. Mchele unatoka bondeni hapo. Mchicha nachuma kwa Mamdogo, na sikumbuki mara ya mwisho nilinunua limau.

Ila kuishi ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo lingine.

Mvua ikinyesha mtandao unalegea, umeme unaondoka bila kuaga. Kwa hiyo kila nikipangiwa mkutano inabidi niende Mikumi siku moja kabla, nilale gesti kwa Mama Glory, ambaye ana jenereta. Na Mikumi ni mji wa barabarani. Sahani ya wali inauzwa kwa bei ya msafiri mwenye njaa ambaye hatarudi kesho kulalamika. Malori yanapita na kupita. Mama Glory ni mtu mwema, lakini ilimchukua muda kuamini kwamba mwanamke anayejifungia chumbani akiongea peke yake ni mzima wa akili.

Nikirudi Kilosa kuna lingine linanisubiri. Hapa mtu anayeshinda ndani hana kazi, huo ndio msimamo wa mtaa. Kukiwa na msiba, mwiteni Tatu, yupo tu. Kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mpunga umeanikwa na wingu limetanda, Tatu yupo tu. Mamdogo ndiye anayeongoza kunitaja. Sina uso wa kukataa, hawa ndio watu wangu. Basi naenda, halafu nafidia kazi alfajiri, macho yakiwaka moto.

Kazini hawakujua kwamba nilihama. Hakuna aliyeuliza, nami sikusema. Wakiniuliza kama Dar kuna joto nawajibu lipo. Na kweli lipo.

Wiki iliyopita wakatangaza kwamba malipo sasa yatafuata gharama za maisha za mji anaoishi mtu. Dar iko daraja la juu. Miji midogo yote imewekwa chini, bila kuangalia zaidi. Kila mmoja aongee na msimamizi wake, aseme yuko wapi.

Msimamizi wangu ni Achieng, yuko Nairobi, na sijawahi kumwona ana kwa ana. Zamu yangu ya kuongea naye ilikuwa leo asubuhi. Kwa hiyo jana nililala Mikumi.

Alianza kwa kunisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mvua. Halafu akashusha sauti. Alisema kama bado niko Dar hakuna kitakachobadilika, na kwamba kampuni haitatuma mtu kuja kugonga mlango. Nilielewa. Nadhani alishajua, siku moja jogoo aliwika katikati ya mkutano na mimi nikajifanya sikusikia.

"Tatu, nikuandike Dar?"

Natamani niandike hapa kwamba uaminifu ulinijaa moyoni. Haukunijaa. Nilichokiwaza ni ile barabara ya kurudi, na begi la kufunga tena Jumapili, na tena wiki ijayo, na kujikumbusha kila siku kwamba mimi ni mtu wa Dar. Mwili wote ulikataa.

"Ninaishi Kilosa, dada," nikamwambia. "Ni mwaka sasa."

Nikajaribu kumweleza kwamba kula na kulala Kilosa ni rahisi, lakini kufanya kazi ukiwa Kilosa ni ghali kuliko Dar. Nikamtajia gesti, nauli, bando la pili la akiba, la kwanza likigoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wao wameangalia kodi na chakula tu, na hayo yangu hayana pa kuwekwa.

"Basi nitakutoa kwenye mikutano, ubaki na video pekee," akasema. "Lakini pesa itashuka, unajua?"

Nilimwambia najua.

Wakati wa kurudisha ufunguo nilimwambia Mama Glory kwamba sitakuja tena kwa sasa. Alisimama na shuka mkononi, akasema ameshaizoea sauti yangu ukutani. Nilikaribia kulia kwa jambo dogo kama hilo. Huo nao ni uchovu.

Safari nzima nilikuwa naogopa kumwambia Mamdogo. Mtaani hapa mwenye mshahara wa Dar hata akikaa bure anaheshimiwa. Nilimkuta jikoni anachemsha mihogo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamweleza yote. Aliuliza kama wamenifukuza. Nikasema hapana, wamenipunguzia. Akachochea moto. Nikangoja aniambie nirudi Dar.

"Kwa hiyo hawatakuita tena kwa saa zao?"

"Hapana, Mamdogo. Nitafanya kwa saa zangu."

"Basi fanya asubuhi mpaka adhuhuri. Mtu akikuulizia, mimi nitamwambia uko kazini."

Mwaka mzima nimetafuta namna ya kumwomba hilo, nikaogopa kwamba nitaonekana nimeleta maringo ya mjini. Kumbe naye amekuwa akiniona alfajiri taa ikiwaka. Alisema alidhani ndiyo kazi yenyewe ilivyo.

Sijui kama itatosha. Rafiki yangu wa Tabata anasema kuna chumba kinaachwa wazi nyumbani kwao, na huenda miezi michache ijayo nikaona ni bora kurudi kwenye foleni kuliko kukaa na mshahara wa mji mdogo. Sitaki kulijibu hilo leo.

Kesho sina safari. Kwa sasa hilo ndilo pekee nililo na uhakika nalo, na naenda kulala nalo.