Nyundo za Baba Zinangoja Neno Lako

Uvira, mtaa wa Kilibula
Jumapili, tarehe 4/8/2024

Mpendwa mdogo wangu Vainqueur,

Pokea salamu nyingi za sisi wote wa hapa nyumbani. Je, hujambo? Na mke wako Olga hajambo? Baridi ya Lubumbashi imewaachilia, ama bado mnavaa makoti mawili mawili? Na kile kikohozi chako cha mwezi wa tano kimeisha? Usinijibu kwamba ulipona zamani, kama kawaida yako. Mwambie Olga aniandikie yeye, maana yeye hanifichi.

Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anafika sokoni na kurudi na habari za mtaa mzima. Shemeji yako Patient bado anabeba watu kwa pikipiki kwenye barabara ya Luvungi. Délice wetu ametimiza mwaka mmoja na miezi miwili. Anatembea kama mlevi, anaanguka, anasimama, anatugombeza kwa lugha yake mwenyewe. Bado ananyonya, na meno tayari ni sita. Ukiona mwandiko wangu umeruka pembeni, ujue ni yeye amevuta mkono.

Maji ya ziwa yamerudi nyuma kidogo. Kwetu yaliishia kwenye mlango wa jiko, tukashukuru. Majirani wa chini bado wanaanika magodoro. Magari mengi yalilala ndani ya maji yale wiki nzima, na sasa yameoza chini, ukikanyaga ndani mguu unaona barabara. Kwa hiyo mafundi wa toleri, wale wanaonyoosha bati za magari, hawana nafasi hata ya kujikuna.

Na hapo ndipo habari yangu inapoanza, Vainqueur. Soma polepole, usiruke.

Unajua kwamba tangu mwaka jana ninapeleka bugali na maharagwe saa sita kwenye garaji ya Patron Achille, hapa hapa Kilibula. Wafanyakazi wanakula, mimi nangoja sahani. Sasa kungoja bila kufanya kitu mimi siwezi, unanifahamu. Nikaanza kushika karatasi ya kukwangulia, nakwangua mastike, ule udongo mgumu wanaojazia mashimo ya bati. Wakaona ninakwangua vizuri. Mwezi wa pili Achille akanipa kazi kweli kweli, kila siku baada ya chakula.

Nikafanya kosa, na wewe utacheka maana ulikaa na baba kwenye kazi hii ya bati miaka mingi. Vumbi la mastike lilikuwa linanikera, nikaogopa kulipeleka nyumbani kwa mtoto. Nikachota maji kwenye ndoo, nikalowesha mastike ya boneti ya minibasi, nikakwangua kwa maji. Vumbi hakuna! Nikajiona nina akili kuliko wanaume wote wa pale. Wakapiga rangi nyeupe, ikang'aa, mwenye gari akaondoka anaimba. Baada ya siku kumi amerudi haimbi tena. Boneti yote imetoka malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji.

Achille akauliza, "Nani alipatia mastike maji ya kunywa?" Nikanyoosha mkono. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama Délice, ulizania gari ni sahani? Kesho utailetea na sabuni!" Nikaona haya mpaka masikioni. Nilitoa rangi ile yote na kuanza upya mpaka kwenye bati, siku tatu, na hakuna aliyenisaidia.

Siku ya tatu Achille akasimama nyuma yangu, akapitisha kiganja kwenye boneti, akaniambia, "Weye uko na mukono, Mama Délice. Sababu ndiyo hauna. Mukono bila sababu utaniharibia magari. Wende ku masomo, batakupatia sababu."

Nilimkasirikia, halafu nikaona amesema kweli. Mimi najua kukwangua, lakini sijui kwa nini mastike inakunywa maji, wala kwa nini rangi moja inashika na nyingine inabanduka. Iko chuo cha ufundi hapa Uvira kinachofundisha toleri na rangi ya gari, miaka miwili, na wanakubali mtu aliyefika la nne sekondari. Minye nilifika la nne. Nikaenda kufanya teste mwezi uliopita. Walitupa mlango wa gari uliobonyea, wakauliza tutaanza wapi. Wenzangu wakakimbilia nyundo. Mimi nikaomba sabuni na kitambaa, nikatoa mafuta kwanza, nikafumba macho, nikapapasa. Direkta akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikajibu, "Natafuta pale bati ilianza kuumia."

Vainqueur, jina langu liko kwenye orodha ukutani. Namba saba. Wanawake tuko wawili. Tunaanza tarehe mbili mwezi wa tisa.

Mambo mengine nimeshayapanga. Mama atabaki na Délice asubuhi, mimi ninarudi saa nane. Nimemuuliza direkta kuhusu harufu ya rangi, kwa sababu ninanyonyesha. Amesema mpaka mwezi wa pili mwakani tutakuwa kwenye bati tu, rangi ni baadaye, na wakati huo Délice atakuwa ameacha ziwa. Patient mwanzoni alinuna. Akasema watu watamcheka kwamba mke wake ananyoosha magari na yeye anaendesha pikipiki tu. Nikamwambia wacheke, siku pikipiki yako ikibonyea tangi utawapeleka wapi, kwa wale wanaocheka? Sasa ni yeye anayewatangazia abiria.

Kimebaki kitu kimoja, na hicho kiko mkononi mwako.

Kila mwanafunzi lazima aje na vyombo vyake vya mkono: nyundo za toleri, na vile vyuma vya kushikia nyuma ya bati. Za sokoni ni za misumari, zinaacha alama kwenye bati. Wewe unajua ninazoongelea. Ni zile za baba, zenye nyuso laini kama kioo, ambazo alikuwa anazifuta kila Jumamosi na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa isipokuwa wewe.

Kila nikigusia sanduku lile zilimo kwenye simu, unaanza kusema rezo iko mubaya, simu inakatika. Mara nne sasa. Rezo ya Lubumbashi inaharibika kwa neno moja tu? Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi haikatiki.

Jumamosi iliyopita Patient alinipeleka Luvungi kwa Baba mdogo Léopold, maana ndiye aliyelitunza tangu mazishi ya baba. Alinipokea vizuri, akanipa ndizi, akasikiliza yote. Halafu akasema, "Mwanangu, sanduku iko ya Vainqueur. Ni yeye mutoto mwanaume, ni yeye baba yako alifundisha. Minye niko mulinzi tu. Kesho akirudi na kuniuliza, Baba mudogo, vyombo viko wapi, nitamujibu nini? Kama vimeenda ku masomo?" Nikamwambia nitakupigia simu hapo hapo usikie. Akakataa. Amesema siku hizi watu wanatengeneza sauti kwenye simu. Anataka karatasi, na sahihi yako ambayo anaijua.

Aliniruhusu kufungua nione. Paa lake lilivuja msimu wa mvua na hakujua. Nyundo mbili zimeanza kushika kutu usoni. Nikaomba mafuta na kitambaa, akasema acha, usiguse. Nikafunga sanduku, nikapanda pikipiki, tukarudi Uvira.

Jumanne, tarehe 6/8

Nimeacha barua siku mbili, Délice alipata homa ya meno, sasa imeshuka. Na leo, usingeamini, Baba mdogo mwenyewe amefika hapa na mihogo ya kuuza. Amekula, amekunywa chai, ameona barua hii mezani. Ameniomba nimsomee. Nimemsomea yote, hata pale nilipoandika kuhusu paa lake. Akakohoa, akasema ameshapanda kulirekebisha, na nyundo zile mbili amezipaka mafuta yeye mwenyewe siku ileile nilipoondoka.

Mama akamtania, "Léopold, unaogopa mutoto aliye Lubumbashi kuliko huyu aliye mbele yako?" Akajibu, "Siogopi muntu, naogopa aibu." Halafu amenitaka nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, na mimi nayaandika: "Vainqueur, andika ndiyo, ao andika hapana. Usiandike tutaona. Ukisema ndiyo, sanduku nitaileta minye mwenyewe Uvira. Ukisema hapana, Amandine asiniombe tena." Hayo ndiyo maneno yake. Nimekubali mbele yake kwamba ukikataa sitamwomba tena, na sitarudi nyuma.

Sasa acha niseme yangu, kama dada aliyekubeba mgongoni ulipokuwa na surua.

Ninajua kwa nini rezo inaharibika. Uliondoka mmegombana na baba, na miezi saba baadaye ukafika tumeshamzika. Ulisimama mbele ya sanduku la nyundo, ukasema utarudi kulichukua, ukapanda boti. Miaka mitatu imepita. Nadhani unaona ukitoa nyundo zile utakuwa umekubali kwamba ugomvi ule ndio mwisho wenu. Hapana, mdogo wangu. Baba hakukaa na hasira. Wiki yake ya mwisho hospitalini alikuwa anawaambia wagonjwa wenzake kwamba ana kijana Lubumbashi anayejua kunyoosha mlango bila kutoa rangi. Nilikwambia hilo kwenye matanga, lakini siku ile hukuwa unasikia mtu, kwa hiyo nakuandikia ulisome mara nyingi unavyotaka.

Ukinipa nyundo unabaki mtoto wake uleule. Na kama unazitaka kwa kazi, si kwa kumbukumbu, basi njoo uzichukue, nitafurahi kuliko kuzipata mimi. Nitakupikia ndagala wa ziwa letu, na nitatafuta nyundo zangu kwa njia nyingine. Ila kuziacha Luvungi zishike kutu wakati hakuna mmoja wetu anayezitumia, hilo sikukubalii. Na hapo sikubembelezi.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine. Nimeiandika mwenyewe, mistari miwili, ndiyo na hapana. Weka sahihi chini ya mmoja. Mama Niyonsaba wa kanisani kwetu ndiye amebeba barua hii. Kesho anapanda boti mpaka Kalemie, halafu barabara mpaka kwenu kwa binti yake, na atarudi kabla ya mwezi huu kuisha. Amekubali kupita kwako tena siku mbili kabla ya kurudi. Mpe karatasi mkononi, usimwambie apite kesho.

Tarehe mbili nitaingia darasani, Vainqueur, hata mikono yangu ikiwa mitupu. Nitaazima, nitangoja mwenzangu amalize kutumia yake, nitafanya nitakavyofanya. Lakini siku ya kwanza ya kugonga bati, ningependa direkta akiniuliza nyundo hizi nimepewa na nani, nimtajie jina lako.

Mama anakusalimu sana na anauliza utamletea lini mjukuu. Patient anakusalimu. Baba mdogo Léopold anakusalimu, amesema ukali wake ni wa mdomo tu. Patron Achille anayekukumbuka tangu ukiwa na kaptura anakusalimu. Msalimie Olga, na wale wa kwao wote waliotupokea kwa simu siku ya ndoa yenu.

Mungu awalinde ninyi wawili, abariki mikono yenu na kazi yenu, atukutanishe tukiwa hai na afya.

Ni mimi yaya, dada yako mkubwa, nikupendaye hata nikikukaripia,

Amandine, Mama Délice