Mstari Mwekundu Kati Yangu na Yako

Whitehall, Columbus

Kwa mdogo wangu Mutabazi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Tuko wazima, isipokuwa baridi imeanza mapema na mke wangu anakohoa. Nyinyi huko Uvira mmeamkaje? Mguu wa shemeji umepona? Na watoto wako, bado wanakula kama watu waliotoka safarini? Nakuuliza haya kwa barua kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Dakika mbili tu tumeshagombana, kisha unakata, halafu unasingizia mtandao. Basi kaa chini usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Kazi yangu unaijua, ya kutunza wazee majumbani mwao. Tangu theluji ya mwaka jana iyeyuke ninakwenda Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa historia. Jina lake sitaliandika, kazini wametukataza. Mimi namwita Mzee na yeye anaitika. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali. Babu zake walitoka nchi ya Wacheki, kule Ulaya, na tangu astaafu anaandika maisha ya bwana mmoja wa huko wa zama za wafalme na mapanga, aliyeitwa Mikulash wa Dubina. Miguu ya Mzee haifanyi kazi tena, na akili yake inakuja na kuondoka, lakini ukimwuliza habari za Mikulash hakosei hata jina la farasi.

Huyo bwana alikuwa na ngome ya mawe juu ya kilima, na chini yake vijiji vitatu, msitu, kinu cha maji cha kusagia ngano, na mabwawa ya kufugia samaki. Nilicheka moyoni. Tajiri mzima anahesabu samaki, hana ng'ombe wa kumtaja! Lakini nilipenda kusikiliza. Nilikuwa nikimwosha na kumlisha, naye ananisimulia jinsi Mikulash alivyompigania mfalme wake, na jinsi alivyorithi ardhi ya baba yake pamoja na ndugu yake mmoja, Yan. Kwa miaka mingi hawakugawana kitu. Walikula meza moja.

Kilichonisumbua ni jinsi alivyosimulia. Hakusema kama mtu anayekumbuka kitabu. Alisema Mikulash leo ameamka na homa, Mikulash hataki uji. Asubuhi moja aliniomba nifunge pazia kwa sababu watu wa vijiji vitatu wamesimama bustanini wakingoja hukumu. Nilichungulia, nikaona majani makavu na uzio wa jirani. Hata hivyo nililifunga. Na kila siku ilinibidi kuweka kiti cha tatu mezani, cha ndugu, hivyo ndivyo alivyokiita.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea. Siku moja aliniangalia usoni, akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Mtu wa hapa angetaja jina lake moja, basi. Mimi nilisimama wima na kumjibu kama tulivyofundishwa kule milimani tukiwa wadogo, mgeni anapouliza: mimi ni Rukundo wa Sebagabo, wa Muhire, wa Ntayoberwa, nikapanda mpaka babu wa saba, nikamaliza na kilima chetu cha Kagarama. Nilijisikia vizuri, nakuambia kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo katika nchi hii. Mzee hakucheka. Alichukua penseli, akanifanya nirudie polepole, akaandika majina yote kwenye karatasi kubwa alikochora ukoo wa Dubina. Halafu akaniuliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja wa kiume, anaitwa Mutabazi. Akakuandika ubavuni mwangu.

Jumapili nilimpigia dada yetu Esteri kule Buffalo, nikamsimulia nikidhani atacheka.

"Kaka, weye ulimupa majina ya batu yetu bote?" akasema. "Bon. Na siku atayaita, nani atamuitika?"

Nilimwambia aache mambo ya kizee. Lakini tangu siku hiyo Mzee alikuwa akiniuliza habari za Kagarama kila asubuhi, kama anavyouliza za Dubina. Mvua imenyesha? Nani analinda? Mmegawana? Hili la mwisho alilirudia sana. Kila mara nilimjibu hapana, Mzee, hatujagawana, naye anatulia na kufungua mdomo kwa kijiko.

Ndipo karatasi yako ikafika, ya kugawana kilima cha baba, umeshatia sahihi yako upande wa kushoto. Na ile sauti uliyonitumia pamoja nayo unaikumbuka. Ulisema mimi nimeshakula Amerika, kilima nakitakia nini. Ulisema unataka fungu lako uliuze ujenge mjini, na mimi nikae na fungu langu la ukungu. Iliniuma, Mutabazi. Nilitembea na ile karatasi garini siku kadhaa. Asubuhi moja, nimeegesha mbele ya nyumba ya Mzee, nilisikiliza tena sauti yako, nikachukua kalamu nikasaini kwa hasira juu ya usukani. Nilikuwa peke yangu. Mke wangu hakujua, Esteri hakujua. Nikafunga bahasha, nikaingia kazini.

Mzee alikuwa mezani kwenye kiti chake cha magurudumu, alipoachwa na mwenzangu wa zamu ya usiku, ameinamia ule ukoo mkubwa. Mkononi alikuwa na kalamu nyekundu. Kati ya jina langu na lako palikuwa na mstari mwekundu, na wino ulikuwa bado mbichi. Kwenye karatasi ile mistari ya namna hiyo ni michache sana, na yote iko kati ya ndugu waliogawana. Nilimwuliza kwa nini ameuchora.

"Kwa sababu mmegawana," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Ndugu yako. Alikuwa amekaa hapo sasa hivi. Miguu yake imelowa, mpe kitambaa."

Kile kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa nje ya meza, na mto wake umebonyea katikati. Mzee hawezi kuvuta kiti hata kidogo, mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Sikuugusa ule mto. Niliogopa. Sikuwaza juu ya kilima wala karatasi, nilikuwaza wewe, kwamba umekufa maji, au umeuawa barabarani, na kwamba umekuja kuniaga kwenye nyumba ya mzungu nisiyeweza hata kumtaja jina.

Ukitaka kujua kwa nini nilikupigia simu mara nyingi vile, ni hiyo. Siku tatu hupatikani. Bahasha niliitupa kwenye sanduku la posta bila kufikiri, kwenda Shively, kule Louisville, kwa Samweli, mtoto wa baba mdogo, ili akuletee akisafiri. Siku ya nne ukapokea, unanung'unika kwamba ulikuwa ng'ambo ya mto na betri imeisha, na maji ya mto yalikulowesha mpaka mapajani. Nililia ukanicheka. Ulidhani nimekunywa.

Nilirudi kwa Mzee nikamwomba aniambie mwisho wa Mikulash, kwa sababu alikuwa hajawahi kuufikia. Akanisimulia siku hiyo akili yake ikiwa safi kabisa. Mikulash na Yan waligombana juu ya kinu. Hawakupigana, walikwenda mbele ya waandishi wa mfalme na kugawana kila kitu, na mgawanyo ukaandikwa katika kitabu cha ardhi cha nchi. Kisha Mikulash akafa bila mtoto. Mtangazaji wa mfalme akasimama sokoni katika mji wa karibu, akatangaza kifo chake, kwamba mwenye haki juu ya Dubina ajitokeze. Yan akaja na mashahidi. Akasema huyu ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Wakafungua kitabu wakamsomea. Kwa sheria yao, ndugu ambao hawajagawana wanarithiana, na waliogawana ni wageni mmoja kwa mwingine. Dubina ikaenda kwa mfalme, na mfalme akampa mtu aliyempenda, asiyejua hata jina la kijiji kimoja. Yan aliondoka kwa miguu. Mzee alisema pale ngomeni sasa ni miti tu, na bwawa moja ambalo halina mwenyewe.

Kesho yake nilikuwa barabarani kwenda Louisville. Samweli alinikuta mlangoni kwake Shively, akashangaa.

"Ndugu, nilikuwa niko nafunga valisi," akasema. "Donc umetoka Columbus kwa sababu ya enveloppe tu?"

Nikamwambia anipe. Nikakaa kwenye kochi lake, nikaifungua, na kwa mara ya kwanza nikaangalia ukurasa wa pili, ule wenye mchoro. Siku ya kusaini sikuugeuza hata kidogo. Nimeutia ndani ya barua hii uuone mwenyewe, na sahihi yangu nimeifuta mara mbili kwa kalamu nzito. Sahihi yako sikuigusa. Samweli anakuletea vyote kwa mkono wake.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako anayeniombea kila Ijumaa, na mchungaji aliyetubatiza, ikiwa bado anaona. Mwambie shangazi yetu wa Fizi kwamba mke wangu amejifungua salama, na mtoto tumempa jina la baba. Esteri anakusalimu sana, ila amekataa kuniruhusu nikutajie anakotaka kuzikwa, ingawa kilima unakijua.

Kujenga mjini sikukatazi. Nia yako naielewa, watoto wanahitaji shule na usingizi, na kama nimekuwa mzito kukusaidia nisamehe, tutatafuta njia tukiwa wawili. Na ukisoma haya yote bado ukataka tugawane, niandikie, nitasaini tena bila neno. Lakini kwanza ufungue huo mchoro uuweke mezani. Karani aliyeuchora hajawahi kufika Kagarama, amechora mpaka kwa rula, kutoka juu ya kilima mpaka mtoni, umenyooka. Mimi na wewe tulichimba pale kwa mikono yetu, kwa hiyo fuata mstari wake kwa kidole mpaka chini ya zizi la zamani. Unapita katikati ya kaburi la baba. Basi uniambie, ukiuza fungu lako, unauza kichwa chake au miguu.

Mimi kaka yako, ambaye kwa upande wangu sijagawana nawe,

Rukundo