Mlango wa Ukurasa wa Themanini na Nane

Bwenini, 14 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na umeacha kunyanyua magogo peke yako kama mama alivyokuomba. Mimi ni mzima, isipokuwa kichwa, ambacho kinaniuma kila Jumanne na Alhamisi, siku za Fasihi ya Kiingereza.

Baba, nimechoka. Tunasoma riwaya ya kurasa mia tatu na kumi na mbili, na mwalimu hajatufungulia hata ukurasa mmoja. Anaingia na kijitabu chembamba cha mwongozo wa majibu, anasoma, sisi tunaandika. Tumempa jina Mwalimu Mwongozo. Ukimuuliza swali anapekua kijitabu, asipolikuta anasema haliwezi kutoka kwenye mtihani.

Riwaya yenyewe inahusu fundi seremala, ndiyo maana nakusumbua. Rafiki yake anamwoa mwanamke ambaye fundi alikuwa akimpenda. Fundi hasemi kitu. Anawapongeza, kisha anajitolea kuwatengenezea mlango wa nyumba yao mpya. Baada ya miezi mitatu mlango haufungi. Baridi inaingia, mtoto wao mchanga anaugua mapafu, anafariki, na urafiki unaishia hapo. Mwongozo unasema: "Mlango ni ishara ya majaliwa, ambayo binadamu hawezi kuyafungia nje." Tumeandika hivyo wanafunzi wote arobaini na wawili, mpaka mkato.

Ila mimi nimekisoma kitabu chenyewe, na kwenye ukurasa wa themanini na nane kuna sentensi hainitoki kichwani. Nimekutafsiria: "Mbao zilitoa machozi kila alipogonga msumari, naye akayafuta kwa kiganja." Nilimuuliza mwalimu kama mbao zinaweza kutoa machozi. Akasema hiyo ni tashihisi, nikae chini. Hivi baba, zinaweza?

Nisalimie mama na wadogo zangu. Nijibu kwa barua, simu bado ni marufuku hapa.

Mwanao


Nyumbani, 23 Februari

Mama yangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake. Mama yako hajambo, wadogo zako wamevunja kiti kingine na kila mmoja anasema ni mwenzake.

Barua yako nimeisoma karakanani, nikaacha kupiga randa. Mwambie mwalimu wako kwamba mbao zinatoa machozi, wala si tashihisi wala nini. Mbao mbichi ukiipigilia msumari, maji yanachuruzika pembeni mwa msumari. Unayaona kwa macho, unayashika. Ikikauka inasinyaa na kujipinda, na mlango uliokaa sawasawa leo, baada ya miezi mitatu hauingii kwenye fremu hata uusukume kwa bega. Miezi mitatu, kama ulivyosema. Hilo analijua hata anayefagia maranda.

Sasa unisikilize. Huyo fundi aliyaona hayo machozi, akayafuta, akaendelea kugonga. Fundi hafuti kitu asichokielewa. Alijua. Majaliwa gani hayo anayoyazungumzia huyo mwalimu? Mtu kaua urafiki kwa mikono yake mwenyewe, halafu watoto wanafundishwa kwamba ni majaliwa. Imenikera mpaka nimekata ubao mfupi kuliko kipimo.

Angalia kitabuni mbao zilipasuliwa lini na mlango ulifungwa kwenye fremu lini. Kama mwandishi anajua kazi yake, atakuwa ameandika. Na unitafsirie kurasa nyingine, usiniache njiani.

Baba yako


Bwenini, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi sijambo kwa mwili tu.

Mwandishi ameandika. Ukurasa wa themanini na mbili gogo linapasuliwa siku ya Jumatatu. Ukurasa wa tisini mlango unafungwa bawaba siku ya Ijumaa ya juma hilo hilo. Na kule nyuma kabisa, ukurasa wa ishirini na moja, fundi huyo huyo anamgombeza mwanafunzi wake kwa kutumia mbao ambazo hazijakaa kivulini mwaka mzima. Nikaviunganisha, baba. Ilikuwa kama nimemkamata mtu.

Nikaandika insha ya kurasa nne. Nimepata nne juu ya ishirini, alama moja kwa kila ukurasa. Pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Halimo kwenye mwongozo. Hapa hatusomi useremala." Akaisoma aya ya kwanza mbele ya darasa, wakacheka. Tangu siku hiyo wananiita Bawaba. Leo asubuhi mtu ameweka msumari juu ya dawati langu.

Na tarehe kumi na mbili Aprili kuna jaribio la nusu mwaka. Asiyefika kumi anaondolewa kwenye somo hili, anahamishiwa mchepuo mwingine. Hili ndilo somo pekee lililonifanya nipende shule, na sasa naelekea kulikosa kwa sababu ya mbao mbichi. Sikulaumu. Au labda nakulaumu kidogo.

Mwanao


Nyumbani, 17 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Wewe ndiye sielewi u mzima namna gani, unachekwa kwa kuandika ukweli na mimi nimekaa hapa na randa mkononi.

Nne juu ya ishirini. Nimemsomea mama yako barua mara mbili, mara ya pili aliniomba nipunguze sauti, majirani wanadhani tunagombana. Mimi niliishia darasa la saba. Sijui tashihisi. Lakini umetoa kurasa tatu kama ushahidi, yeye katoa kijitabu. Mbele ya hakimu yeyote wewe ndiye unayeshinda.

Nitakuja kuzungumza naye. Nitakuja kistaarabu, usiogope, na nitavaa shati la mikono mirefu.

Baba yako


Bwenini, 26 Machi

Baba,

Shikamoo. Naomba usije. Nakuomba kwa heshima zote. Ukija, wewe utarudi nyumbani, mimi nitabaki hapa na jina la Bawaba na mwalimu aliyeaibishwa na mzazi wangu. Tafadhali. Hili niachie mimi.

Mwanao


Nyumbani, 15 Aprili

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama na hujanikasirikia sana, ingawa najua umenikasirikia, maana utakuwa umeshasikia kwamba kuna mzee alionekana na kipande cha ubao mlangoni pa ofisi ya walimu.

Uliniambia nisije, nikaja. Sikujua kwamba ndiyo siku yenyewe ya jaribio, tarehe zimenichanganya. Waliponiambia mko ukumbini nikasema afadhali, mtoto hatoniona.

Mwalimu wako ni kijana kuliko nilivyodhani. Meza yake imejaa ramani na chati za mvua. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mzazi wako na sikuja kwa ugomvi. Nikatoa ubao wangu mbichi, nikapigilia msumari pale pale juu ya kiti. Maji yakatoka. Akayaangalia.

Akasema, "Mzee, nimekuelewa. Lakini hii ni fasihi, mbao kwenye kitabu si mbao."

Nikamwambia, "Mwalimu, kama mbao si mbao, basi na mtoto aliyekufa si mtoto. Tunalia nini?"

Akazisogeza chati zake pembeni. Nikamuuliza, "Wewe kitabu chenyewe umekisoma?"

Hapo alinikazia macho, nikadhani ananifukuza. Akavuta droo, akakitoa. Kilikuwa kipya, hakijakunjwa hata jalada. Akasema, "Mimi ni mwalimu wa Jiografia, mzee. Mwalimu wa fasihi aliondoka mwaka jana, nikaambiwa nishike na hili. Nina vipindi thelathini na nne kwa wiki. Nikikosea jibu hapa, watoto arobaini na wawili wanaanguka mtihani. Mwongozo hauwaangushi."

Sikutarajia kumwonea huruma, na jambo hilo nalo limenikera.

Akauliza, "Lakini tuseme mbao zilikuwa mbichi. Huenda alikuwa na haraka tu. Wewe unajuaje kwamba alikusudia?"

Nikamjibu, "Kwa sababu na mimi nimewahi kufanya hivyo."

Sikujua kwamba nitalisema. Nikachukua ubao wangu, nikaaga, nikaondoka bila kukusubiri. Nisamehe kwa hilo.

Baba yako


Bwenini, 28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku tano kabla ya kujibu, kwa hasira, halafu kwa aibu. Nina jambo la kukuambia na naomba ulisome mpaka mwisho.

Kwenye jaribio swali la kwanza lilikuwa mlango. Nilitazama karatasi, nikawaza kuondolewa kwenye somo, nikaandika: "Mlango ni ishara ya majaliwa, ambayo binadamu hawezi kuyafungia nje." Nimepata kumi na nne. Saa ile ile uliyokuwa ofisini ukipigilia msumari kwa ajili yangu, mimi nilikuwa hatua mia moja kutoka hapo nikiandika jibu la kijitabu kwa mwandiko mzuri. Sijui nimkasirikie nani, wewe uliyekuja nilipokukataza, au mimi niliyekata tamaa wakati kuna mtu ananipigania.

Kuhusu mwalimu, Alhamisi aliingia bila mwongozo. Akasema tufungue ukurasa wa themanini na nane. Darasa zima likatazamana, wengine hawana hata kitabu. Akasoma sentensi ile, akatuangalia, na ni dhahiri hakujua kinachofuata. Kipindi kizima kilikuwa vurugu. Watu wawili walibishana karibu kupigana, mmoja anasema fundi ni muuaji, mwingine anasema mtu hawezi kuua kwa mlango. Mwishoni mwalimu akaniomba insha yangu ya zamani, akaisoma yote, kwa sauti. Nne yangu hakuibadilisha. Alisema ameshaiandika kwenye daftari la mkuu wa taaluma na hawezi kuifuta, ila ameomba abaki na nakala. Jumanne alirudi na mwongozo, lakini pamoja na kitabu.

Sasa nakuuliza wewe. Umefanya hivyo kwa nani? Usinijibu kwamba ni mambo ya wakubwa. Kazi yako yote naijua, meza zako nyingine zimenizidi umri. Mlango pekee wako ninaoujua kuwa mbovu ni wa kwa baba mdogo, na hajakanyaga kwetu tangu nikiwa darasa la sita.

Mwanao


Nyumbani, 30 Mei

Mama yangu,

Marahaba, na pole kwa kusubiri mwezi mzima. Nimeandika barua hii mara nne.

Kumi na nne yako ichukue, usijichape nayo. Ulikuwa na cha kupoteza. Mimi sikuwa na kisingizio hicho.

Ni kwa baba mdogo wako, ndiyo. Unajua tulikuwa wawili, na nyumbani wakaamua mmoja aendelee na shule, mwingine ashike msumeno. Sikuwahi kulalamika. Siku anaezeka nyumba yake alialika wafanyakazi wenzake wa ofisini, akanitambulisha: "Huyu ndiye kaka yangu, yeye ni mikono tu, kichwa nilichukua mimi." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kesho yake nikaenda kununua mbao zilizopasuliwa wiki ile ile, nikamtengenezea mlango wa mbele. Maji yalitoka. Nikayafuta.

Ulipoanza kujipinda, alisema mbele za watu kwamba kaka yake hajui kazi. Nikakubali. Miaka saba nimekubali kuitwa fundi mbovu, kwa sababu jina hilo lilikuwa jepesi kuliko lile lenyewe. Tukaacha kutembeleana, kila mtu akidhani anajua sababu.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Nikamwambia pale pale kizingitini, kabla hajanikaribisha, maana ningekaa nisingesema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka saba nafunga mlango kwa tofali. Mke wangu ananicheka. Nimewaambia watu kumi kwamba kaka yangu hajui kazi, na roho ikawa inaniuma kwa kusema hivyo, kumbe ulikusudia?"

Nikasema nilikusudia, nikamwomba anisamehe.

Akataka kunifungia mlango usoni. Akausukuma, ukagoma. Akasukuma tena kwa mguu. Mimi nimesimama nje, yeye yuko ndani, tunaonana vizuri kabisa kwenye ule mwanya, na hakuna aliyecheka. Akauacha, akaingia ndani, akaniacha nimesimama. Shemeji yangu akachungulia, akanitolea kiti, akarudi ndani. Nilikaa nje karibu saa nzima. Nilitaka kuondoka mara mbili.

Alipotoka sikumsemesha. Sikumwomba anisamehe, nilishaomba. Nikatoa futi, nikaanza kupima fremu. Upana nilipima mwenyewe. Urefu hauwezekani kwa mtu mmoja mwenye mgongo kama huu wangu. Nikabaki nimeshika ncha ya chini ya futi, nimechuchumaa, najifanya nasafisha vumbi kwenye kizingiti.

Akaja. Hakuniangalia. Akashika ncha ya juu, akaivuta mpaka kwenye kona, akasoma namba kwa sauti, kama anamsomea karani.

Nikaiandika.

Baba yako