Mkono Uliofungwa kwa Kitambaa

Cimpunda, Bukavu

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Maman. Je, kile kikohozi kinakuacha ulale? Mimi ni mzima, ninakula na kucheka. Nakuambia hilo kwanza, maana ukiuona mwandiko huu utadhani ni wa mtu mwingine, na wakati huu wa vita barua ya namna hiyo hushtua. Ni mimi, Papa. Nimeandika kwa mkono wa kushoto.

Usikasirike, ngoja nikueleze. Tunabomoa hangari ya zamani kule Muhumba, iliyoungua vita vilipoingia mjini. Mihimili yake ya chuma tunaibeba watu wanne, kila mtu kwa bega la kuume, na kapita anayetusimamia akitoa sauti tunaitupa pamoja upande huohuo. Jumanne nilikuwa hoi, nikaweka mhimili kwenye bega la kushoto bila kufikiri. Kapita akaita, "Un, deux, tupa!" Wenzangu wakatupa upande wa kuume, ndiko nilikokuwa, chuma kikanijia mimi. Kilinibana mkono wa kuume juu ya jiwe.

Vidole viwili vimekatwa, na vilivyobaki havikunjiki. Nililia, Papa, sikufichi. Kapita mwenyewe alinibeba mgongoni hadi dispansari, huku akinigombeza: "Weye, bega ya kushoto ulitoa wapi? Papa yako hakukufundishaka?"

Nikacheka na machozi yananitoka. Ulinifundisha sana! Ulikuwa ukinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili nile bugali na kuandika kwa wa kuume kama watoto wengine. Maman alikuwa akikifungua ukienda shamba. Basi leo nimeitoa siri yake, mwambie anisamehe.

Kazini sijafukuzwa, nalinda vyombo vyetu. Nisalimie dada Nabintu, asiache shule, na tonton katekista, mjomba wetu, aniombee. Mama muuza mihogo anayekuletea barua hii mpe maji, ametembea sana.

Njia ya kuja huko kwetu Walungu ikifunguka nitarudi, na siku hiyo naiogopa kuliko chuma. Ulinikataza kumpa mkubwa mkono wa kushoto, na tangu utotoni sijathubutu. Lakini wa kuume hauwezi tena kushika mkono wa mtu. Nikifika uani nitakunyooshea huu wa kushoto mbele ya watu wote. Nakuomba, Papa, uupokee.

Mwanao akupendaye,
Murhula