Sindano ya Jumapili

Mama, shikamoo.

Shangazi Skola amehamia chumbani kwako. Naanza na hilo kwa sababu sijui namna ya kulilainisha. Analala kitandani kwako na kuvaa vitenge vyako, hata kile cha kijani alichosema hakikufai. Baba hasemi kitu. Baba unamjua.

Mazishi yako yalijaa watu. Waliokuita mvivu walilia kuliko mimi. Jirani yetu wa vitumbua, yule aliyewaambia watu unalala mchana kwa sababu usiku una safari zako, alizimia kaburini ikabidi abebwe. Nilimtazama tu. Sikuweza hata kumpepea.

Mama, nilikua nikisikia habari ya kuzaliwa kwangu kama mtu anayesomewa mashtaka. "Mama yako alikuzaa, akaacha kazi," ndivyo Shangazi alivyonisimulia. Hakusema kwamba ulitoka damu mpaka ukapoteza fahamu, na kwamba ulipozinduka kifua chako hakikuwa na tone la maziwa. Yeye ndiye aliyeninywesha uji, na hakuacha kukukumbusha. Ulikuwa ukikaa jikoni na sweta mbili, moto mbele yako, na bado unatetemeka. Nywele zikakutoka. Siku moja ulishindwa kuinua ndoo mbele ya wageni, Shangazi akasema, "Mwanamke mzima, ndoo tu." Ukacheka ili wageni wasione aibu. Mimi nilikuwa mdogo, lakini kicheko kile nilikijua si kicheko.

Nakumbuka yule daktari wa Dar es Salaam, Mjomba Oddo alipotutumia nauli kutoka kule Ujerumani anakofanya kazi ya uuguzi. Daktari alikuuliza swali ambalo miaka yote hakuna aliyekuuliza: "Ulipojifungua huyu, ulitoka damu nyingi?" Ukanigeukia, ukaanza kulia kabla ya kujibu. Akatueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoviamrisha viungo vingine, na kwamba siku ile ilikosa damu, ikafa. Tangu hapo mwili wako umekuwa kama nyumba isiyo na mwenyewe. Tulipotoka nje ulinishika mkono, ukasema, "Usijibebeshe, Gau. Wewe ulikuwa unazaliwa tu." Mama, sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha kitandani hadi leo.

Daktari alikuandikia vidonge vya kila siku. Alirudia maneno mpaka nikaona anatuonea: hivi usiviache hata siku moja, na ukipata homa uviongeze, bila hivi unakufa. Kisha akasema kuna pia sindano za homoni ya ukuaji. Ukamuuliza, "Nikue mpaka wapi, daktari?" Akacheka, akasema mtu mzima naye anaihitaji, kwa misuli, kwa mifupa, kwa moyo, hata kwa hamu ya kuishi.

Sindano ya mwanzo ilikuwa ya kila jioni. Tulijitahidi. Umeme ukikatika tulikimbia na kichupa cha dawa kwa jirani kuomba barafu, isije ikaharibika. Mwisho ukasema tumbo lako limekuwa kichuguu, basi. Ukaacha, ukarudi kwenye sweta zako. Ndipo Mjomba akapata ile nyingine, inayokaa mwilini wiki nzima. Jumapili, kabla ya misa ya kwanza, unafunua tumbo, nakuchoma, tunavaa, tunakwenda kanisani. Haikuwa muujiza. Miezi ilipita, tukadhani nayo ni bure. Halafu asubuhi moja nikakukuta bombani, ndoo kichwani, huishiki, unagombana na mtu kuhusu foleni. Nilirudi ndani nikalia nyuma ya mlango. Ulikuja saluni kwangu Lizaboni nikakusuka, nywele zilikuwa bado haba lakini ulijitazama kwenye kioo mpaka wateja wakachoka kusubiri.

Hilo ndilo walilokuadhibia, Mama. Wangekuacha ungeendelea kuwa mgonjwa. "Kumbe alikuwa anajifanya," Shangazi akasema. "Ugonjwa gani unaoponywa na sindano moja ya wiki?" Na Baba, aliyekaa miaka yote hajakuuliza kama unaumwa, siku hiyo akapata sauti: "Sasa umepona. Nenda Hanga ukamsaidie dada yangu Skola kuvuna mahindi."

Ulikwenda ukifurahi. Ulitaka Shangazi akuone ukifanya kazi.

Nilikufungia vidonge vyako kwenye leso, nikampigia simu Shangazi nikamweleza kila kimoja. Aliitikia. Yaliyofuata sikuyasikia kwa mtu mwingine. Aliyasimulia mwenyewe matangani, mbele ya watu, kama anayeeleza jinsi alivyomhudumia mgonjwa. Alisema ulipata homa ukaanza kutapika, na kila ukitapika unaulizia leso yako. Akakuambia, "Una sindano ya wiki nzima mwilini, vidonge vya nini tena? Ndivyo vinavyokutapisha." Akavitupa chooni. Alisema ulimsihi. Alisema ulimwita dada. Alipoona humjibu tena ndipo akaita bodaboda, wakakuweka katikati kwenda zahanati, na ulifika umekwisha.

Nilisimama pale matangani nikasema sindano ile haikuwa na kazi ya vidonge, kwamba kilichokuua ni kukosa vidonge. Mzee mmoja wa ukoo akaniambia nikae, msiba si mahali pa kubishana. Sasa Songea nzima inajua kwamba uliuawa na sindano ya Wazungu. Sindano zilizobaki Baba alizitoa kwenye friji, akazichoma moto pamoja na godoro lako. Kuna mwanamke wa Peramiho mwenye ugonjwa kama wako. Daktari alinipa namba yake nimtie moyo. Alisikia habari zako, akaogopa, akaacha dawa zote. Nilimpigia nikamsihi. Simu ya pili alipokea mumewe, akaniambia nisisumbue watu.

Utajiuliza kwa nini Shangazi yuko hapa. Ana sukari, Mama. Imemshika vibaya, macho hayaoni vizuri, na lazima achomwe insulini kila siku. Baba hathubutu kushika sindano. Katika nyumba hii anayejua kuchoma ni mmoja.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaenda saluni, anafunua tumbo nami napima dawa. "Umepima vizuri, Gau?" Simjibu. "Usinifanyie ubaya, mwanangu." Simjibu. Naona anavyobana pumzi mpaka sindano itoke. Hofu hiyo ningeweza kuimaliza kwa neno moja, na neno hilo sina haja ya kulitoa.

Wiki iliyopita alikataa kuchomwa, akasema leo anapumzika. Nikamwambia, "Shangazi, hizi ni za kila siku. Ukiacha utakufa. Mama naye alikuwa na vidonge vya kila siku." Akalia, akatafuta mkono wangu asiouona vizuri. Niliuondoa mkono, nikamchoma, nikafuta pale kwa pamba, nikaondoka.

Padri anasema nisamehe. Nilimjibu kwamba mikono yangu inafanya kazi yake sawasawa, moyo ukitaka utafuata. Akanibariki, akaenda zake.

Mimi sijambo, Mama. Nakula. Mjomba anapiga simu, ananiuliza kama nimekula, anakata. Kaburi lako nimelipandia maua, mbuzi wamekula, nitapanda mengine.

Pumzika. Nakuahidi sitazidisha wala kupunguza kipimo chake hata siku moja. Ataishi miaka mingi mkononi mwangu. Na nakuahidi, hata akiniomba kwa magoti, sitamwambia nimemsamehe kabla haijawa kweli.

Mwanao,
Gau