Jina Kwenye Hataza

Kawajense, Mpanda

Dada yangu Pudensiana,

Habari za siku nyingi? Mgongo wako unaendeleaje, na mizinga ya huko Ugalla imeamkaje na mvua hizi? Huku tu wazima. Mercy na watoto wanakuamkia. Mwili wangu hauna shida, ila situlii. Barua hii nimeianza mara tatu, kila mara nainuka, nazunguka nyumba, narudi.

Dada, hataza ya kile kikamulio cha asali inakwisha mwezi ujao. Ikishakwisha, yeyote anaweza kukitengeneza na kukiuza bila kutuuliza. Unajua mwenyewe tulivyohangaika. Maduhu wa karakana alikiiga hata kabla hatujauza kumi, na kesi yake ikala miaka saba. Tumeshinda juzi tu, na muda wenyewe umetuishia mkononi.

Basi nikaenda kwa wakili, Bwana Patrick. Akanieleza kuwa tunaweza kuomba muda uongezwe, iwapo mvumbuzi hakupata malipo yanayolingana na alichobuni, na kosa si lake. Nilifurahi mpaka kiti kikanishinda kukalia. Aliniuliza mengi, akaandika kiapo, na jana akanisomea. Kilisema kwamba mimi, Optatus, nilichukua jeki ya lori na sufuria lenye matundu, nikapata namna ya kukamua masega bila kuyapasha moto, na kwamba kwa kazi hiyo sikuambulia kitu.

Akanipa kalamu. Nikaiona mikono yako ilivyovimba msimu ule kwa kuizungusha ile jeki, mimi nimekaa pembeni nachora tu unachoniambia.

Nikamwambia, "Mvumbuzi hakulipwa, ni kweli. Ila mvumbuzi si mimi."

Bwana Patrick akaichukua kalamu yake. Kisha akasema taratibu kuwa tukiandika hivyo ombi linaweza kufa kabisa, na mimi naweza kushtakiwa kwa kujiandikisha kwa uongo.

Ndiyo, dada. Ulipotaka kukiona cheti cha hataza nilikuambia kimebaki Dar. Hakikubaki. Kimo kabatini mwangu, na jina lililomo ni langu peke yangu. Nilijidanganya kwamba wewe wa porini huna haja ya karatasi, kwamba nitakugawia tukianza kuuza. Tumemlaani Maduhu miaka yote hii kuwa ndiye mwizi wako. Mimi nilimtangulia.

Kiapo kile nimekichana. Bwana Patrick yuko tayari kuandika kingine, lakini maneno yatoke kinywani mwako, na kabla ya tarehe ishirini. Njoo Jumatatu, nitakupokea stendi. Na kama utakuja kunishtaki, njoo vilevile. Ofisi ni hiyohiyo ya Bwana Patrick, nitakupeleka mwenyewe.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani, na Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako,
Optatus