Mvumo wa Langoni

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kathiani tuko wazima. Mahindi yamebeba vizuri, na baba yako amenunua ng'ombe ambaye hakubali kukamuliwa na mtu isipokuwa mimi.

Umeniuliza kama ulikosea kwenda huko mbali, maana mwaka unaisha na huoni chochote ulichofanikisha.

Nikiwa msichana, shangazi alituletea kutoka Yatta tunda la mvumo, ule mti mrefu kama mnazi; tunda lenyewe kubwa, lenye harufu tamu nyumba nzima. Tulilila hadi nyuzi zikajaa menoni, kisha nikapanda kokwa moja langoni. Kila asubuhi mama alilimwagia maji ya vyombo. Hakuna kilichoota. Majirani wakatucheka eti tunanywesha jiwe.

Mvua ilipokuja, mama akachimba pale apande maharagwe. Jembe likafunua chipukizi jeupe, nene kama kidole, limetoka kwenye kokwa na kushuka chini kabisa. Alicheka hadi akaketi kwenye matope! Akalifukia upesi, na majirani akawaambia, "Mti wetu uko kazini. Msiusumbue."

Leo mvumo huo unaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Na baba yako akianza wasiwasi wake juu yako, mimi humwambia: yuko kazini, usimfukue.

Susu yako